Gemu zisizotaka kuachwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba vijana wanaokesha na gemu za mtandaoni ni zao la malezi legelege, na kwamba enzi zake mtoto aliyeambiwa alale alilala. Kuhusu kulala sina ugomvi naye, kwa kuwa nami nililelewa hivyohivyo. Ninachopinga ni dhana iliyojificha chini ya maneno yake, kwamba gemu ni kitu kilichowekwa mezani kama embe, asiyejua kiasi akala akavimbiwa, na lawama ikawa yake na ya mama yake. Embe halina habari kwamba umeliacha ukaenda kulala. Gemu ya mtandaoni inazo habari hizo kwa dakika na sekunde, na nyuma yake wamo watu wanaolipwa mshahara kufikiri namna ya kukurudisha.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari hapa Tanga. Si tabibu wa maradhi ya akili, kwa hiyo nitajitahidi nisivuke mpaka wa ninayoyafahamu.

Likizo ya Juni mwaka jana, mpwa wangu wa kidato cha pili alikuja kukaa nyumbani kwangu. Usiku mmoja umeme ulikatika tangu magharibi, na ilipofika saa tatu nikamkuta mlangoni anavaa kandambili, simu mkononi imezima, anataka kwenda kwa jirani mwenye sola akaombe chaji. Nilimuuliza anangoja simu ya nani usiku ule. Akanijibu kwa adabu zake zote: "Mjomba, leo ni siku ya ishirini na tisa. Nisipoingia kabla ya saa sita, zote zinarudi sifuri." Gemu yenyewe, ambayo sitaitaja jina kwa sababu tabia hii si yake peke yake, ilikuwa na kalenda ya zawadi: ukiingia kila siku bila kuruka unapata kitu kidogo, na siku ya thelathini unapata kitu kikubwa. Mtoto hakuwa na hamu ya kucheza usiku ule, na aliniambia hivyo waziwazi. Alitaka afungue, abonyeze mahali pa kupokea zawadi, afunge, alale. Msomaji mwenzangu atanicheka, lakini nilichukua tochi nikamsindikiza.

Mlafi hutoka usiku kufuata utamu, ilhali huyu alikuwa anatoka gizani kukimbia hasara. Siku ishirini na nane zilizotangulia zilikwisha kuwa mali yake, na mwenye gemu alikuwa amezishika rehani. Aliyeipanga kalenda ile alijua kwamba siku ya tatu mtoto angeweza kuiacha bila kujali, na kwamba kufikia siku ya ishirini na tisa hataiacha hata kwa giza. Ni hesabu ambayo mtu mzima alikaa chini akaipiga.

Wapo watakaosema kwamba kalenda ya zawadi ni ukarimu wa kibiashara tu, sawa na muuza duka anayemwongezea mtoto pipi. Basi na tutazame kilichotokea China. Tarehe 22 Desemba 2023, mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia machapisho na gemu ilitoa rasimu ya kanuni ambazo zingekataza gemu kumpa mchezaji zawadi kwa kuingia kila siku, kwa kununua kitu mara ya kwanza, au kwa kununua mfululizo. Siku hiyohiyo hisa za kampuni mbili kubwa za gemu za huko zilianguka: za Tencent kwa zaidi ya asilimia 10, na za NetEase zikapoteza karibu robo ya thamani yake. Mwezi uliofuata rasimu ile ikaondolewa kwenye tovuti ya mamlaka. Sijawahi kusikia muuza duka aliyetetereka kwa kukatazwa kutoa pipi. Wenye mitaji waliona kwa saa chache jambo ambalo sisi wazazi tunabishana juu yake mwaka wa kumi sasa, kwamba zawadi ile ndiyo iliyobeba biashara.

Hata hivyo kalenda ni mbinu ndogo. Kubwa ni gurudumu la bahati na kisanduku kinachofunguliwa bila kujua kilichomo, na hapa ndipo somo langu linapohusika. Mada ya uwezekano huja kidato cha nne, na kwa miaka mingi nimeifundisha kwa sarafu, dadu za ludo na mipira ya rangi ndani ya mfuko, vitu ambavyo wanafunzi huvivumilia kwa upole tu. (Tunafundisha kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa, na kueleweka kunaanza kengele ikilia nikageukia Kiswahili.) Safari hii nilichora ubaoni gurudumu kama lile wanaloliona kwenye simu, lenye vipande vinane vilivyo sawa, kimoja kina bunduki ya dhahabu na saba vina vikorokoro, nikauliza kuna uwezekano gani wa kuipata bunduki. Darasa zima likasema moja ya nane, na kwa mtihani wa taifa hilo ndilo jibu.

Kisha nikamwomba kijana mmoja anayeijua gemu hiyo aeleze amelizungusha mara ngapi. Alicheka kwanza, akatazama chini, akasema imepita mara sitini na bunduki hajaipata. Tukaifanya hesabu pamoja. Kama kweli nafasi ni moja ya nane, basi uwezekano wa kukosa mara sitini mfululizo ni kama mara tatu katika majaribio elfu kumi. Ama kijana huyu ana mkosi wa kuandikwa katika historia ya shule, ama gurudumu lile si gurudumu. Darasa lilichagua jibu la pili bila kusaidiwa, na lilikuwa sahihi, kwa kuwa gurudumu la kwenye kioo ni picha. Programu huchagua kwanza utakachopata kwa kufuata uzito iliopangiwa, na ndipo inapochora gurudumu likizunguka na kusimama penye jibu ambalo limekwisha kuamuliwa. Ukubwa wa kipande unachokiona hauna lazima ya kulingana na uzito huo. Na kwa kuwa ni picha, hakuna kinachoizuia kulisimamisha chupuchupu kabla ya bunduki, ili mchezaji aseme "nusura!" na nusura hiyo imrudishe mezani.

Kanuni inayofanya kazi hapo ni ya zamani kuliko simu zetu. Mwaka 1957 wanasaikolojia wa Marekani Charles Ferster na B. F. Skinner walichapisha matokeo ya majaribio marefu ya njiwa wanaodonoa kitufe ili wapewe punje. Njiwa aliyelipwa kila alipotimiza idadi maalumu ya kudonoa, alidonoa, akala, akapumzika kidogo kabla ya kuanza tena. Njiwa aliyelipwa baada ya idadi isiyotabirika, leo kumi, kesho tisini, hakuwa na mapumziko ya kusemwa. Alidonoa kwa kasi ileile, na hata punje zilipokatwa aliendelea kudonoa muda mrefu kuliko mwenzake. Mashine za dubwi zilizotapakaa vichochoroni mwetu zinatembea kwa kanuni hiyo, na kila mzazi wa Tanga anajua kwamba dubwi ni kamari. Akimkuta mtoto wake amesimama mbele ya mashine hiyo na sarafu mkononi atamvuta sikio hadi nyumbani. Akimkuta sebuleni anafungua kisanduku kwenye simu, kwa kanuni ileile na kwa fedha ileile, atasema afadhali ametulia.

Nirudi kwenye hesabu, kwa sababu ndiyo inayofichwa. Chukua kisanduku ambacho nafasi ya kupata kitu cha maana ni moja katika mia. Wanafunzi wangu wengi waliamini kwamba ukikifungua mara mia umepata. Lakini katika watoto mia watakaokifungua mara mia kila mmoja, wapatao thelathini na saba wataondoka mikono mitupu. Tuseme, kwa mfano tu, kila kufungua ni shilingi 500: kila mmoja wa hao thelathini na saba ametoa shilingi 50,000 na hana kitu, na lililo baya zaidi ni kwamba anaamini sasa zamu yake imekaribia. Haikukaribia. Kisanduku hakina kumbukumbu ya waliotangulia, na nafasi yake katika jaribio la 101 ni ileile ya jaribio la kwanza.

Ipo gemu iliyokitia kisanduku kumbukumbu, nayo ni Genshin Impact. Kampuni yake hutangaza kwamba nafasi ya kumpata mhusika wa nyota tano, yaani wa daraja la juu kabisa, ni asilimia 0.6 kwa kila jaribio, na kwamba ifikapo jaribio la 90 lazima umpate mmoja, ingawa huenda asiwe yule uliyemkusudia. Wachezaji huisifu kanuni hiyo kama huruma. Mimi naiona kuwa ni kalenda ya mpwa wangu iliyovaa nguo nyingine: aliyefika jaribio la 70 ana mtaji wa majaribio 70 uliowekwa rehani, na kuacha hapo ni kuutupa. Januari 2025 kampuni hiyo ilikubaliana na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani kulipa dola milioni 20 na kuacha kuwauzia visanduku watoto wa chini ya miaka 16 bila idhini ya mzazi, baada ya kushtakiwa kwamba iliwapotosha wachezaji kuhusu nafasi za kupata zawadi na gharama zake.

Je, haya yote yamekusudiwa, au ni utamu tu uliozidi? Kwa haki, si kila mvuto umepangwa. Mwaka 2014 kijana wa Hanoi, Dong Nguyen, aliiondoa gemu yake ya Flappy Bird sokoni wakati ambapo dunia nzima ilikuwa ikiicheza, akieleza kwamba aliitengeneza ichezwe kwa dakika chache mtu akiwa anajipumzisha, na kwamba imegeuka kuwa kitu cha uraibu. Aliyeona alichokitengeneza kikiwatawala watu akakifunga, huyo nitamwamini akisema hakukusudia. Lakini Oktoba mwaka 2017 kampuni ya gemu ya Activision ilipewa nchini Marekani hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya mfumo wa kuwapanga wachezaji uwanjani kwa namna itakayowachochea kununua, mathalani mchezaji mchanga akutanishwe na hodari mwenye silaha ya kulipiwa, aione, aitamani, na akishainunua apelekwe kwenye pambano ambalo silaha hiyo itamfaa, ili asijute. Kampuni ilisema mfumo huo haukuwa umetumika katika gemu yoyote. Nakubali. Ila hataza haijiandiki. Mtu ameketi akaufikiria utaratibu huo hatua kwa hatua, akauona una thamani ya kulindwa kisheria.

Na mwaka 2019, kamati ya Bunge la Uingereza ilipoihoji kampuni ya gemu ya Electronic Arts kuhusu visanduku hivi, afisa wake alijibu kwamba wao hawaviiti hivyo, bali ni mbinu za kushtukiza, akavifananisha na yale mayai ya chokoleti yenye kidude cha kuchezea ndani. Nililifikiria yai hilo. Mtoto akishalila amelila, na duka halimwandikii ujumbe saa nne usiku kumjulisha kwamba yai jingine linakwisha muda baada ya dakika kumi.

Sasa nimpe mpinzani wangu haki yake, kwa kuwa anazo hoja ambazo hakuzisema. Neno uraibu ni zito. Mitaani kwetu tunalijua kwa walioharibiwa na unga, na si vyema kulitupa hovyo kwa kila mtoto anayependa simu. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la kucheza gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, lakini masharti yake ni makali: mtu awe ameshindwa kujizuia, gemu imeshika nafasi mbele ya shughuli nyingine zote, anaendelea ingawa anaona madhara, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Wapo wasomi wengi walioandika kupinga hata hilo, wakihofu kwamba watoto wazima watabandikwa jina la wagonjwa. Tena watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, walipopewa na kampuni zenyewe kumbukumbu halisi za muda ambao watu walicheza gemu mbili zinazojulikana, walikuta kwamba waliocheza zaidi walikuwa, kwa kiasi kidogo, na furaha zaidi kuliko waliocheza kidogo. Mpwa wangu si mgonjwa. Anafaulu, anasali, anacheza mpira, na likizo ilipokwisha alirudi shule bila kinyongo.

Kwa hiyo sisemi kwamba gemu zinatengeneza wagonjwa kwa wingi. Ninasema kwamba baadhi ya sehemu zake zimeundwa ili kuacha kuwe kugumu kuliko kucheza kulivyo kutamu, na kwamba sehemu hizo zinaweza kutajwa moja moja na kutenganishwa na gemu yenyewe. Najua pia kwamba kila mtunzi hupenda kushikilia msomaji wake. Wewe mwenyewe, Mhariri, una hadithi ya Jumamosi inayokatika palepale msichana anaposhika kitasa cha mlango, nasi tunangoja wiki nzima. Lakini bei ya gazeti ni moja kwa wote, hadithi haijui nimefika ukurasa gani, na sijawahi kuambiwa kwamba nisipoisoma Jumamosi hii sura zote nilizosoma zitafutika.

Jirani na shule yetu kuna kibanda cha pleistesheni ambacho walimu wenzangu wanakichukia, na kelele zake nami zinanikera. Lakini nimekaa pale mara mbili tatu nikatazama. Unalipia mechi, kipenga cha mwisho kinapulizwa, aliyefungwa anampa mwenzake pedi, na asiye na hela anakuwa mtazamaji au anakwenda nyumbani. Ndivyo ilivyo pia bao barazani: kete zina hesabu yake, mmoja anashindwa, mkeka unakunjwa, na hakuna bao linalokufuata chumbani. Gemu ya mtandaoni haina kipenga. Kuna "msimu" unaokwisha ili mwingine uanze kesho yake, ngazi inayoshuka usipoilinda, na kikosi cha wenzako watatu watakaokulaumu ukitoka katikati. Hili la kikosi silihesabu kuwa ni hila, kwa sababu pambano la watu wengi kwa pamoja haliwezi kusimamishwa kila mama mmoja anapomtuma mwanawe sukari dukani, ingawa akina mama wanastahili kujua hivyo kabla hawajadhani wamedharauliwa.

Nilisahau kueleza alichopata mpwa wangu siku ya thelathini. Alipata funguo tatu za kufungulia visanduku vitatu. Ndani yake hamkuwa na alichokitaka, na asubuhi hiyohiyo ikafunguliwa kalenda mpya. Wiki hiyo ndiyo aliponionyesha, baada ya kusita sana, hesabu aliyoiandika nyuma ya daftari la jiografia: almasi, yaani fedha za ndani ya gemu, alizonunua kwa wakala wa mtaani kwao tangu Januari, elfu moja moja na elfu mbili mbili, kutoka kwenye hela ya chakula cha mchana na chenji za dukani. Jumla ilikuwa shilingi 94,000. Dada yangu anauza mihogo ya kukaanga. Mtoto aliijumlisha mbele yangu kwa mara ya kwanza, kwa sababu gemu ilikuwa imempa hesabu yake kwa almasi wakati wote, na almasi 100 haziumi kama zinavyouma shilingi. Ubadilishaji huo nao si wa bahati mbaya. Katika lugha ya biashara hiyo, wachezaji wachache wanaotoa fedha nyingi huitwa nyangumi, na mapato makubwa hutoka kwao huku umati ukicheza bure. Kwa kipato cha nyumba yake, mpwa wangu alikuwa nyangumi mdogo.

Si kila fedha hutoka kwa tamaa ya mtoto. Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, wenye Fortnite, ilikubali kulipa jumla ya dola milioni 520 kumaliza madai ya Tume niliyoitaja ya Marekani. Dola milioni 275 zilihusu taarifa za watoto, na milioni 245 zilihusu mpangilio wa vitufe ambao, kwa madai ya Tume, uliwafanya watu wanunue kwa kubonyeza kitufe kimoja wakati gemu inaamka au inapakia, au walipotaka kutazama tu. Mzazi wa mtoto wa namna hiyo alimlea vizuri au vibaya, kitufe kilikuwa palepale.

Ninapendekeza nini? Kwanza sipendekezi serikali ihesabu saa za watoto. China iliamuru mwaka 2021 kwamba aliye chini ya miaka 18 acheze saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu, na watoto wakaanza kutumia akaunti za wakubwa zao. Korea Kusini ilifunga gemu za kompyuta kwa wenye chini ya miaka 16 kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi tangu 2011, ikaifuta sheria hiyo miaka kumi baadaye, kwa kuwa watoto walikwisha kuhamia kwenye simu ambazo sheria haikuzigusa. Saa za kulala ni kazi ya nyumbani, na hapo mimi na msomaji mwenzangu tunakubaliana.

Kisanduku ni jambo jingine. Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilikagua gemu kadhaa ikauliza maswali manne: kuna mchezo, kuna dau, kuna kupata au kupoteza, kuna bahati? Katika FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive jibu lilikuwa ndiyo kwa yote manne, ikasema visanduku vya kulipia humo vinavunja sheria ya kamari ya nchi, na kampuni zikaacha kuviuza huko. Si wote waliokubali mantiki hiyo. Uholanzi iliitoza Electronic Arts, wenye FIFA, faini ya euro milioni 10 kwa visanduku vya gemu hiyo, na Machi 2022 mahakama yake ya juu ya utawala ikaifuta, ikisema visanduku vile ni sehemu ya mchezo mpana wa ustadi na havisimami peke yake. Uingereza nayo iliamua mwaka huohuo kutobadilisha sheria yake ya kamari, ingawa kamati yake ya Bunge ilishauri vingine. Hoja ya mahakama ya Uholanzi naiheshimu, lakini mtoto aliyefungua visanduku mia hakutumia ustadi wowote katika kufungua.

Hapa kwetu tunayo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi inayoisimamia, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari. Najua wenye gemu wako Singapore, Shenzhen na California, ambako Bodi haina mkono. Shilingi, hata hivyo, inatoka Tanga, na katika safari yake hupita kwa wakala wa mtaani na kwa kampuni ya simu yenye leseni ya hapa nchini. Hapo ndipo pa kuiuliza inakwenda kununua nini: almasi za kununulia nguo ya mhusika kwa bei iliyoandikwa, ambayo sina neno nayo, au jaribio moja la bahati.

Kwa hiyo naiomba Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania inijibu kupitia ukurasa huuhuu. Mtoto wa miaka kumi na minne anayelipa shilingi 1,000 kufungua kisanduku asichojua kilichomo anacheza mchezo wa kubahatisha, au hachezi? Ikiwa hachezi, naomba Bodi iandike na sababu zake, niwasomee kidato cha nne tukifika tena kwenye mada ya uwezekano.

Msomaji wako,
Mwalimu wa hisabati,
Chumbageni, Tanga.